Thamani ya Kiwanja Huletwa na Nani?

Katika vijiwe, maofisi na vituo vya mabasi vya Dar es Salaam, mazungumzo hayaendi mbali kabla ya kufika kwenye viwanja na pango la nyumba. Huyu atasema kwamba kiwanja cha Chanika alichokiacha miaka michache iliyopita kwa kupungukiwa fedha kidogo, leo hakishikiki. Yule atasema kwamba mwenye nyumba wake huko Tabata amempa notisi ya kuongeza pango, naye hana pa kwenda. Wa tatu atajisifu kwamba amenunua ekari mbili upande wa Kibaha, si kwa kulima wala kwa kujenga, bali kwa kungoja bei ipande. Wote watatu wanazungumza jambo moja, ijapokuwa hawajui. Faida anayoingoja huyu wa tatu italipwa na watu kama wale wawili.

Sisi tunaoandika katika gazeti la Chama tuna wajibu wa kulisema jambo hili waziwazi, hata pale linapowagusa watu wetu wenyewe. Neno letu ni hili: thamani ya kiwanja cha mjini haitengenezwi na mwenye kiwanja. Huletwa na umma, kwa barabara, maji, umeme, shule na soko, na kwa wingi wa watu wenyewe. Kwa hiyo ni haki umma upate sehemu ya thamani hiyo, na sehemu hiyo itumike kumpatia mwananchi wa kipato kidogo mahali pa kuishi. Leo mambo hayaendi hivyo. Gharama ni ya wote, na faida ni ya aliyewahi kufika.

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wasiotimia 300,000. Sensa ya mwaka 2012 ikahesabu watu 4,364,541 katika mkoa, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi tu jiji liliongezewa watu zaidi ya milioni moja, yaani zaidi ya mara tatu ya wakazi wote waliokuwamo wakati wa Azimio la Arusha. Watu hao hawakulala angani. Kila mmoja alitafuta chumba au kiwanja, na kila aliyetafuta aliongeza bei kwa ajili ya anayemfuata.

Mji huu haukujengwa kwa usawa tangu mwanzo. Wakoloni, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, waliugawa kwa mikanda. Mzungu alikaa upande wa bahari penye upepo na bustani, Mhindi akakaa katikati penye maduka, na Mwafrika akapewa Kariakoo na Ilala, na baada ya Vita Kuu ya Pili akaongezewa Magomeni, Kinondoni na Temeke. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini bado yamo vinywani mwetu. Uhuru uliondoa ua wa rangi. Lakini ua mwingine umeota mahali pake, nao ni ua wa bei. Mtoto wa mchukuzi hazuiwi na sheria yoyote kuishi Masaki, ila hazuiliki kidogo na mfuko wa baba yake.

Sasa tutazame thamani hiyo inavyoletwa. Kwa miaka mingi mtu wa Kigamboni alivuka kwa pantoni, na kiwanja cha ng'ambo kilikuwa kitu cha bei nafuu. Aprili 2016 daraja likafunguliwa. Mwenye kiwanja Kibada au Mjimwema hakubeba hata karai moja la zege, lakini alilala usiku akiwa na mali ya kiasi fulani akaamka akiwa na mali zaidi. Mwaka 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, na mara maeneo ya Mbezi yakawa mahali pa kugombewa. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro na Dodoma, na madalali wakaanza kulitaja jina la Pugu kwa sauti nyingine. Barabara za mabasi yaendayo kasi, ambazo safari zake za kwanza kati ya Kimara na Kivukoni zilianza mwaka 2016, zimefanya vivyo hivyo kila zilikopita.

Fedha za kazi hizi zimetoka wapi? Zimetoka katika kodi na katika mikopo italipwayo kwa kodi. Mkulima wa korosho wa Newala amechangia. Mvuvi wa Ukerewe amechangia kila aliponunua sukari na mafuta ya taa. Hata mpangaji wa chumba kimoja Buguruni amechangia, kisha barabara ilipokamilika akaambiwa kwamba pango limepanda kwa sababu mtaa sasa una barabara. Amelipa mara mbili kwa kitu kimoja. Huo kwa Kiswahili chetu cha zamani uliitwa unyonyaji, na sisi hatuoni sababu ya kutafuta jina lingine.

Fikra hii si mpya wala si ya kuazima. Mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu alichokiita Mali ya Taifa, akipinga mpango wa wakoloni wa kuifanya ardhi kuwa mali ya mtu binafsi ya kuuzwa milele. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Ardhi haikuumbwa na mtu. Mtu ana haki juu ya jasho aliloliweka ndani ya ardhi, nyumba aliyoijenga, mnazi alioupanda, kisima alichokichimba. Kwa fikra hiyo, mara baada ya Uhuru, mwaka 1963, ardhi yote iliyokuwa imemilikiwa moja kwa moja iligeuzwa kuwa ya kupangishwa na Serikali kwa miaka 99. Na hata leo, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi ya Tanzania ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini.

Msingi huo ni mzuri, nasi twaushukuru. Bila ya huo pwani yetu ingekwisha kuuzwa zamani kwa watu wasiopata hata kuiona. Walakini tusijidanganye. Sheria imekataa kuiuza ardhi, lakini soko limejifunza kuuza haki ya kukaa juu yake, na bei ya haki hiyo ndiyo ile ile bei ya ardhi iliyovaa kanzu nyingine. Sheria ya mwaka 1999 yenyewe imekiri kwamba ardhi ina thamani. Swali lililobaki ni moja tu: thamani hiyo ikipanda kwa kazi ya umma, ni nani apokee?

Chama chetu kiliwahi kulijibu swali hilo kwa vitendo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1962 lilikwisha kuundwa Shirika la Nyumba la Taifa, nalo likaondoa vibanda na kujenga nyumba imara katika Magomeni na kwingineko. Mambo hayo yalikuwa na kasoro zake. Majengo yaliyotwaliwa hayakutunzwa inavyostahili, nyumba zilizojengwa zilikuwa chache mno kwa mji uliokuwa ukifurika, na Benki ya Nyumba iliyoanzishwa mwaka 1972 ilikufa mwaka 1995 kwa mikopo isiyolipwa. Hatuandiki haya ili kuirudisha miaka hiyo. Twayaandika kwa sababu mwaka 1991, huko Zanzibar, Chama kilimruhusu tena kiongozi kupangisha nyumba, na tangu siku hiyo watu wenye kutunga sheria za pango wamekuwa, wengi wao, ni wapokeaji wa pango. Mwamuzi akiwa na hisa katika timu moja, hata akiwa mwadilifu, watazamaji watanung'unika.

Na manung'uniko yapo. Wahenga wamesema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Basi tumsikilize anayelala ndani. Tuchukue mfano wa kijana mwenye kibanda cha chipsi Manzese, anayetaka chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Yeye hupata riziki yake kwa siku, na akijibana aweza kuilipa 50,000 kila mwisho wa mwezi. Lakini haambiwi alipe ya mwezi. Anaambiwa alete ya miezi sita, na pengine ya mwaka, pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali, achilia mbali fedha aliyolipa kwa kuonyeshwa tu vyumba ambavyo hakuvichukua. Hizo ni shilingi 350,000 mkononi kwa siku moja. Fedha hizo ndizo mtaji wake wa viazi na mafuta. Akizitoa, biashara yalala. Asipozitoa, analala nje. Na miezi sita ikiisha mchezo unaanza upya, mara nyingi kwa bei mpya.

Ilikuwapo sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti mapango, yenye mabaraza ya kusikiliza mashauri. Ilifutwa, kwa kuwa ilionekana kuwa inawakatisha tamaa wajenzi. Pengine ilifutwa kwa sababu nzuri, maana bei iliyowekwa na karani ofisini haijui bei ya saruji. Lakini kuondoa udhibiti wa bei ni jambo moja, na kumwacha mpangaji bila ngao yoyote ni jambo jingine. Kutaka pango la mwezi lilipwe kwa mwezi hakumpunguzii mwenye nyumba hata senti moja ya pango lake. Kunamwondolea tu nafasi ya kukopeshwa bila riba na mtu aliye maskini kuliko yeye.

Kuna atakayesema: basi kijana huyo ajenge. Shauri jema. Ajenge kwa nini? Benki zinakopesha kwa ajili ya nyumba, na sheria ya mwaka 2008 pamoja na kampuni ya kuyawezesha mabenki iliyoundwa mwaka 2010 zimefungua mlango kidogo. Lakini taarifa za Benki Kuu za miaka ya karibuni zimeonyesha riba ya kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, na mikopo yote ya nyumba nchini haijafika hata asilimia moja ya pato la Taifa. Piga hesabu ya mkopo wa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 15, kulipwa kwa miaka 15. Mkopaji atatoa karibu shilingi 700,000 kila mwezi, na mwisho wa yote atakuwa amelipa kiasi cha milioni 126. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali, kilipopandishwa Julai 2025, kilifika shilingi 500,000. Mtumishi huyo akitoa mshahara wake wote, asile wala asivae, bado hatafikisha.

Kwa hiyo watu wetu hujenga kama wanavyojua. Hununua tofali mia leo, mfuko wa saruji kesho, mabati mwaka ujao. Pembezoni mwa jiji lote, toka Bunju hata Mbagala na Kivule, yamesimama maboma yasiyo na paa, na nyasi zimeota sebuleni. Mgeni hudhani ni magofu. Kumbe hizo ndizo benki za wanyonge: mshahara uliogeuzwa kuwa tofali ili usiliwe. Hatuna ila heshima kwa watu hao. Dar es Salaam imejengwa na wao zaidi kuliko ilivyojengwa na shirika lolote.

Ila wanajenga wapi? Hapa ndipo penye jeraha kubwa. Inakadiriwa kwamba sehemu iliyo kubwa sana ya wakazi wa jiji, yapata saba katika kila kumi, wanaishi mahali ambapo hapakupimwa. Mwananchi huuziwa kipande cha shamba kwa karatasi iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, hujenga, jirani yake hujenga, na baada ya miaka kumi hapana njia ya kupitisha gari la kuzima moto wala jeneza. Ndipo tunapokuja na vipimo. Leseni za makazi zilianza kutolewa mwaka 2004, kisha ukaja urasimishaji, wananchi wakachangishwa fedha kwa ajili ya makampuni ya upimaji, na mahali pengine kazi haikufika mwisho. Wengine waliona siku ya bomoabomoa. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kando ya Barabara ya Morogoro, toka Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa katika hifadhi ya barabara, na wapo waliosimama juu ya kifusi wakiwa wameshika karatasi zao mkononi.

Kwamba iko njia iliyo bora, hatuhitaji kwenda nchi za mbali kuitafuta. Twende Sinza. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla watu hawajajaa. Haikujenga nyumba. Ilichora barabara, ikapitisha maji, ikaweka mahali pa shule, ikawagawia wananchi viwanja wajijengee wenyewe. Wakati huo huo mitaa kama Manzese, iliyokuwa imekwisha kujaa, ilitengenezewa barabara na maji katikati ya nyumba zilizokuwapo. Wataalamu wa uchumi waliorudi miaka mingi baadaye kulinganisha sehemu hizo wamekuta kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kufika yana nyumba bora zaidi na mpangilio ulio safi zaidi kuliko yale yaliyotengenezwa baada ya kujaa. Mkono uliotangulia ulifanya kazi ambayo mkono uliochelewa haukuweza, hata kwa fedha. Nabii Yusufu hakungoja njaa iingie Misri ndipo ajenge maghala.

Mwaka 2002 tulirudia somo hilo kwa Mradi wa Viwanja 20,000, ambao ulitupatia Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na Buyuni zenye mistari iliyonyooka. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini viwanja vingi viliangukia mikononi mwa wenye uwezo, na vingine vilikaa vichaka kwa miaka huku wenyewe wakingoja bei, ijapokuwa masharti ya hati humtaka mmilikishwaji ajenge katika muda uliowekwa. Kupima peke yake hakutoshi, basi, maadamu mtu hapati hasara yoyote kwa kukalia kiwanja kama kuku anayeatamia yai.

Na kwa nini hapati hasara? Kwa sababu kodi yetu haitazami thamani. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika umeme wa Luku. Njia hiyo ni nyepesi, nayo imepata fedha zilizokuwa zikipotea. Lakini kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2023, nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hutozwa shilingi 18,000 kwa mwaka, popote ilipo. Nyumba ya vyumba sita ya Tandika, yenye familia sita na choo kimoja uani, hulipa sawasawa na jumba la Oysterbay lenye bustani na ukuta unaozunguka. Na kiwanja kitupu, kwa kuwa hakina mita ya umeme, kodi hiyo hakiijui kabisa. Iko kodi ya pango la ardhi, na hiyo hutofautiana kwa mahali, lakini yamhusu aliyepimiwa na kumilikishwa, na wengi hawamo. Zaidi ya hayo, katika nyumba ya kupanga anayenunua umeme ni mpangaji. Sheria yasema deni ni la mwenye nyumba, na mpangaji ana haki ya kurudishiwa. Wapangaji wangapi wa Mbagala wanaweza kumwendea mwenye nyumba na kumdai hizo 1,500 za kila mwezi, bila kuogopa kuambiwa watafute chumba kingine?

Bei isiyo na breki ina hatari nyingine, nayo yatia majonzi. Kariakoo ilikuwa mtaa wa nyumba za chini za Waswahili, zenye ukumbi katikati na uani nyuma. Leo kila mita ya ardhi yake ni dhahabu, na aliye na mita hizo hutaka kuzipandisha juu ghorofa baada ya ghorofa na kuzichimba chini kwa ajili ya maduka. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo yenyewe, likawafunika wafanyabiashara na wateja wao, na makumi ya watu wetu yakaondoka. Ukaguzi ulegee mahali ambapo ardhi ina bei kubwa hivyo, na tamaa haitakosa nafasi ya kupenya.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Kwanza itasemwa kwamba tunawachukia wenye nyumba. La. Mjane wa Temeke aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe, akalala chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki ili asomeshe watoto, huyo si kabaila. Pango ndilo pensheni yake. Ukabaila ni kukusanya viwanja kumi usivyovihitaji katika mji ambao wenzako hawana hata kimoja. Pili itasemwa kwamba kodi ya thamani itamfukuza mzee wa Kariakoo ambaye ardhi yake ni ghali naye hana kipato. Hoja hii ni ya haki, na jibu lake ni jepesi: mzee akae katika nyumba yake kwa amani, na kodi iandikwe kuwa deni juu ya kiwanja, ije ilipwe siku kitakapouzwa. Tatu itasemwa kwamba mambo hayo ni magumu. Nchi iliyoweza kukata kodi katika kila mita ya umeme haiwezi kusema kwamba imeshindwa kujua Masaki ni wapi na Manzese ni wapi.

Kwa hiyo tunaishauri Serikali ya Chama chetu mambo manne.

Kwanza, kodi ya majengo na ardhi ya jiji ipangwe kwa kufuata thamani ya mahali, hata kama ni kwa makundi matatu au manne ya mitaa ili kazi iwe rahisi, na kiwanja kitupu kilichopimwa kitozwe zaidi kuliko kilichojengwa. Mwenye kungoja bei angoje, lakini angoje kwa gharama yake.

Pili, ongezeko litakalopatikana lisichanganywe na matumizi mengine. Lifunguliwe mfuko wake, na kazi ya mfuko huo iwe moja: kununua mashamba ya pembezoni kwa fidia ya haki, kuyapima kabla ya watu kufika, na kuyagawa kwa mfano wa Sinza, kiwanja kimoja kwa familia moja isiyo na kingine. Na pale ambapo watu wanahamishwa ili mji ujengwe upya, haki yao ya kurudi ilindwe, kama ilivyokuwa kwa familia 644 za Magomeni Kota, ambazo nyumba zao mpya zilifunguliwa Machi 2022 juu ya ardhi ile ile waliyoijua.

Tatu, itungwe sheria fupi ya pango. Isitaje bei. Itaje mambo haya tu: mkataba uandikwe, pango la zaidi ya miezi mitatu lisidaiwe mbele, notisi ya kuongeza au kuhama iwe ya muda wa kutosha, na dalali asajiliwe na alipwe na yule aliyemtuma. Mwaka 2025 kanuni zilitolewa za kupiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, na hakuna mbingu iliyoanguka juu ya mapaa ya Masaki. Tukiweza kumwambia mwenye jumba la ghali apokee shilingi, twaweza kumwambia mwenye chumba apokee ya mwezi.

Nne, na hili twalisema tukijitazama wenyewe. Viongozi wa umma hutoa matamko ya mali zao kwa mujibu wa sheria ya maadili ya mwaka 1995. Basi kiongozi anayekaa katika kikao cha kuamua habari za pango, viwanja na kodi ya majengo, aseme mbele ya wenzake ana nyumba ngapi za kupangisha na viwanja vingapi vya kungojea. Hatumwambii aviuze. Twamwambia aseme, ili wananchi wajue ni nani anayewasemea na ni nani anayejisemea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu sisi wenyewe tunauona kila asubuhi, wakati mabasi yanapomwaga mjini maelfu ya watu walioamka saa kumi ya usiku kwa sababu mahali wanapomudu kulala ni mbali na mahali wanapofanya kazi. Watu hao ndio walioijenga thamani ya Dar es Salaam, kwa kodi zao, kwa mikono yao na kwa wingi wao. Hawaombi sadaka. Wanadai sehemu yao katika kile walichokijenga, na Chama kilichozaliwa kwa ajili yao hakina haki ya kuwaambia wangoje mpaka bei ipungue, maana bei ya ardhi ya mji huu haijapata kupungua kwa kungojwa.